Shamba Lililonyimwa

Kwa kawaida mtu akipima mahindi ya mashamba arobaini na kuyakuta karibu yote hayana sumu, anafurahi. Anapiga simu nyumbani, anasema Mungu ni mwema, jioni anakula vizuri. Nzisa alikaa kwenye kiti chake maabara, mjini Kitui, akavitazama vile vipimo vilivyopangwa mezani, akataka kulia.

"Yote?" akauliza.

"Yote, isipokuwa lile moja," akasema Musyimi, fundi wa maabara, mtu mpole asiyevua sweta hata jua likiwaka. "Na nimerudia."

Usimcheke Nzisa kabla hujajua alichokuwa akitafuta. Ukambani sumu ya mahindi inajulikana. Wataalamu huiita sumukuvu, redio huiita aflatoksini, lakini kwa kina mama wa Mukuyuni, kijijini kwao huko Makueni, ni "ule ugonjwa wa mahindi" tu, na wakiutaja sauti zao hushuka. Inatokana na ukungu wa kijani unaoota kwenye punje zikiwa bado shambani, jua likishazichoma na mvua ikishazikimbia. Unaweza kuosha, unaweza kuchemsha mpaka kuni ziishe, sumu haitoki. Nzisa alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati macho ya ndugu yake mdogo, Mwau, yalipogeuka njano. Nyumba nzima ilikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kutoka sufuria moja, na bado aliyekufa ni Mwau peke yake. Hakuna mtu mzima aliyeweza kumweleza kwa nini. Basi akasoma, akasoma, mpaka akawa daktari wa vitabu, si wa sindano. Wengine husomea kazi, yeye alisomea hasira.

Sasa hiyo dawa aliyokuwa akiijaribu kwenye yale mashamba arobaini. Haikuwa dawa hasa, ilikuwa kuvu vilevile, ndugu ya ile mbaya, ila hii haijui kutengeneza sumu. Maabara waliifuga juu ya punje za mtama, kisha mtama ukatiwa rangi ya buluu ili mtu asije akapikia watoto uji. Unaumwaga shambani mahindi yanapokaribia kuchanua. Kuvu njema inaamka na unyevu, inaenea, inakalia kila nafasi, na ile mbaya ikija inakuta nyumba imejaa wapangaji. Jambo lenyewe halikuwa geni, nchi nyingine wanalo. Lakini kuvu hii Nzisa aliitoa kwenye udongo wa Makueni wenyewe, na kama ingeweza kuyalinda mahindi ya Makueni, hakuna aliyejua. Ndicho alichotaka kujua kabla hajazeeka.

Na namna ya kujua ni moja, hata uende ng'ambo. Unatafuta mashamba yanayofanana. Nusu unayapa, nusu unayanyima, halafu unapima. Yaliyopewa yakiwa safi na yaliyonyimwa yakiwa na sumu, umepata. Yote yakiwa na sumu, umekosa, nenda nyumbani. Lakini yote yakiwa safi, haya, utasema nini? Labda msimu wenyewe ulikuwa mzuri, sumu haikuja kabisa, na mtama wako wa buluu umelisha kanga tu. Umechosha watu na hujui chochote.

Ndivyo meza ilivyosema. Vipimo vyenyewe vilikuwa vijikaratasi vyembamba, kama vile vya kupimia mimba, ila ndani yake kulikuwa na dhahabu. Dhahabu ya kweli, nakwambia, iliyofanywa chembe ndogo kiasi ambacho hata darubini ya shule haiwezi kuiona, na ikishakuwa ndogo hivyo haing'ai njano tena, inageuka nyekundu. Nzisa na Musyimi walizipika chembe hizo wenyewe kwenye chumba cha pili, na walijivunia sana. Unasaga mahindi, unayakoroga kwenye maji yake, unachovya kijikaratasi. Mistari miwili myekundu, kula. Mstari mmoja, usile. Meza nzima ilikuwa mistari miwili miwili, waliopewa na walionyimwa, tofauti hakuna. Namba thelathini na moja tu ndiyo ilikuwa na mstari mmoja.

Mambo haya yalianzia kanisani Mukuyuni, kabla ya mvua za Oktoba. Mchungaji aliwaachia ukumbi, wakaja kina mama wa mwethya, yaani kile kikundi cha kulimiana, leo kwako, kesho kwangu, na Nzisa akasimama mbele na mkebe uliojaa vikaratasi vilivyokunjwa. Vingine viliandikwa, vingine vitupu. Ukichukua kilichoandikwa, unapata mtama wa buluu. Ukichukua kitupu, subiri msimu ujao.

"Daktari," akasema Kalunde, mwenyekiti wa mwethya, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, "wewe ni mtoto wetu. Mimi nimekubeba mgongoni. Sasa unataka kumpa Kanyiva na kuninyima mimi, na mashamba yetu yamegusana kama meno?"

"Si mimi ninayekunyima, mwaitu. Ni bahati."

"Na hiyo bahati si umeileta wewe kwa mkebe?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Nzisa mwenyewe akacheka. Hao walikuwa mama zake wote, ndiyo maana alimwita kila mmoja mwaitu, mama yangu. Halafu akaacha kucheka, akawaeleza taratibu. Bila shamba la kunyimwa, alisema, sitajua lolote. Nitawaletea kitu cha kubahatisha, na watoto watakula kubahatisha. Walionyimwa watapewa kwanza msimu ujao, na mahindi ya mtu yakionekana na sumu, nitakuja mimi mwenyewe kumwambia mara moja na kumletea mengine ya kula. Ila naomba, mwenye karatasi tupu asitumie huu mtama hata akipewa na ndugu yake. Mkikubali, inueni mikono. Mikono ikainuka yote, mpaka ya Kalunde.

Ndululu alikuwa wa mwisho kuchukua karatasi. Huyu alikuwa rafiki wa Nzisa wa dawati moja tangu darasa la kwanza, mke wa Kivuva, dereva wa lori ambaye siku nyingi analala Emali kuliko kwake. Alikuwa na binti mmoja, Kalekye, mtoto wa kuanza chekechea, aliyefunga safari na mama yake popote kwa kushika sketi. Ndululu akakunjua karatasi, ikawa tupu.

"Kupata si kwa werevu," akasema, akarudi kuketi na mtoto wake.

Turudi maabara. Mkubwa wa Nzisa, Profesa Mulinge, aliitwa kuja kutazama namba thelathini na moja. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa amechoka tu, kama wote wanaoomba fedha za utafiti kila mwaka, na alishaona vipimo vingi vikidanganya.

"Moja kati ya arobaini," akasema. "Hii si sumu ya shambani, Nzisa. Huu ni mfuko ulionyeshewa njiani, ukaota ukungu. Mlileta sampuli kwa pikapu siku ya mvua, si ndiyo?"

Musyimi akakiri kwamba ndiyo, kulikuwa na mvua, na mifuko kadhaa ililoa.

"Basi. Iwekeni kando. Mkipata gari, mkachukue sampuli nyingine."

Nzisa aliangalia ule mstari mmoja, na hapo ndipo alipokosea, akiwa na akili zake timamu. Aliona ni kweli. Mahindi ya jirani zake wote ni safi, haya nayo yamepata wapi sumu peke yao? Namba zilikuwa za siri, hakujua ni ya nani, ndivyo kazi hizi zinavyofanywa ili mtu asipendelee. Akaiweka kando. Gari lilikuwa na safari nyingine za watu wengine, na yeye alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi, kutafuta kwa nini yote ni safi. Akapekua habari za mvua, akavijaribu vile vipimo upya kwa sumu ya chupa, vikafanya kazi vizuri kabisa. Akagombana na Musyimi bila sababu, akamwomba msamaha. Pasaka ikaja, ikapita. Mahindi ya namba thelathini na moja yalikaa kwenye kabati.

Siku ya kufungua namba ilipofika, Profesa aliketi kwenye pembe ya meza na kusema wangeandika kwamba jaribio halikuonyesha kitu, na kwamba kuvu ya Makueni isingepata msimu wa pili. Alisema kwa upole. Nzisa aliitikia kwa kichwa tu. Musyimi akaanza kusoma majina moja moja, huyu alipewa, huyu alinyimwa.

"Thelathini na moja, alinyimwa," akasoma. "Ndululu wa Kivuva."

Nzisa akainua kichwa. "Nani?"

"Ndululu."

"Profesa, huyo mfuko haukunyeshewa."

"Utajuaje?"

"Namjua mwenyewe. Ndululu hawezi kufunga mahindi kwa mfuko mbovu. Tangu tukiwa shule yeye ndiye alikuwa anafuta dawati, upande wake na wangu. Siku ile niliona mahindi yamekuja kwa mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, nikashangaa ni ya nani, kumbe ni yake." Alikuwa amesimama tayari. "Hii ni sumu ya kweli. Na wanaikula."

Akapiga simu, akaambiwa na yule mwanamke wa mitambo kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena akiwa mlangoni. Akachukua funguo za pikapu bila kuuliza zamu ni ya nani, na hakuna aliyemzuia.

Njia yote, kupitia mji wa Wote, alijiuliza swali moja. Kama sumu ilikuja msimu huu, ilipitaje mashamba ya walionyimwa wote, ikamchagua Ndululu? Aliwakuta kina mama wa mwethya kabla ya kufika kwa Ndululu, juu ya barabara, kwenye shamba la Kanyiva, wanachimba mitaro ya kuzuia maji. Akasimamisha gari. Akawasalimu kwa haraka, na kwa kweli hakuwasalimu wote, jambo ambalo baadaye walilitaja.

"Mwaitu," akamwambia Kalunde, "ule mtama wa buluu."

"Ulikuwa mzuri sana! Tunashukuru."

"Unashukuru nini? Wewe si ulichukua karatasi tupu?"

Majembe yakasimama. Kanyiva akaanza kutazama vidole vya miguu yake. Kalunde peke yake hakuona cha kuonea aibu, akajipangusa jasho kwa leso.

"Nzisa, kwani wewe ulizaliwa wapi? Tukija kwa Kanyiva tunalima sote. Tukienda kwangu tunalima sote. Sasa Kanyiva aje kwangu na mtama wake, auache chini ya kivuli, alime, halafu aubebe arudi nao? Ati mimi mahindi yangu yaoze, yeye anatazama? Huo utakuwa mwethya wa aina gani? Kila aliyepewa alikuja na kikombe. Tulipunguza kidogo kidogo, kila shamba likapata. Wala hatukujificha. Tuliimba."

"Lakini mliinua mikono! Kanisani!"

"Tuliinua ili usiaibike mbele ya mchungaji. Ungesimama pale peke yako na mkebe, ungejisikiaje?"

"Na vijana wangu walipokuja kuwauliza maswali?"

"Waliuliza kama kila mtu alifuata vile tulivyokubaliana. Tukasema ndiyo. Sisi tulikuwa tumekubaliana kugawana."

Wanawake wakacheka, kicheko cha kutaka yaishe. Nzisa alishika mlango wa gari. Ilimchukua muda kidogo, halafu ikamwingia yote kwa pamoja. Kumbe hakuna aliyenyimwa. Kumbe mahindi yote yalikuwa safi kwa sababu mtama ulifika kila shamba, kwa vikombe, na hata ulivyopunguzwa ulitosha. Inafanya kazi! Kuvu ya Makueni inafanya kazi! Alihisi furaha ya ajabu, ile ya kumfanya mtu aruke, akataka kumkumbatia Kalunde na jembe lake. Akafungua mdomo acheke, ndipo akakumbuka kwa nini amekuja.

"Na Ndululu? Yeye mlimpa?"

Kicheko kikakatika.

"Huyo ni mkaidi," Kalunde akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Tulimpelekea mpaka mlangoni. Akasema alikuahidi. Nikamwambia, Ndululu, achana na hayo, Nzisa ni mtoto wetu, atakufanya nini? Akasema ahadi ni deni. Nikamwambia umekuwa mzungu. Basi tukamwacha." Akaegemea jembe lake. "Na sasa mtoto wake hajisikii vizuri. Wanasema ni malaria. Tulienda kumwombea Jumapili."

"Hajisikii vipi?"

Aliyejibu ni Kanyiva. "Ni macho," akasema. "Macho yake yamebadilika."

Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, tazama mambo ya dunia. Kijiji kizima hakikusikia, na miguu yao ni mizima. Nzisa aliendesha ile njia ya vumbi akilia waziwazi, akijitukana kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, maana lugha moja haikutosha.

Ndululu alikuwa jikoni anageuza muthokoi. Alipomwona Nzisa uso ukamng'aa, akaanza kupangusa kigoda ili mgeni aketi. Nzisa alimpita. Kalekye alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, tumbo limevimba chini ya gauni, na alipofumbua macho kutazama nani ameingia, yalikuwa njano. Nzisa aliyajua macho hayo. Alikuwa ameyaona kwa Mwau.

Akarudi jikoni, akashika sufuria kwa leso, akatoka nayo nje, akaimwaga yote kwenye shimo la takataka na kufukia kwa mguu.

"Nzisa!" Ndululu akapiga kelele. Kumwaga chakula, tena Ukambani kwenye ukame! Hata mwendawazimu hafanyi. "Wewe una nini? Chakula hicho!"

"Ni sumu. Ndululu, ni yale mahindi. Mchukue mtoto twende."

Ndululu hakuuliza tena. Mtu wa Ukambani ukimwambia "yale mahindi," hahitaji maelezo. Alimfunga mtoto kwa leso, akaacha mlango wazi na moto unawaka, wakaondoka.

Hospitalini Wote daktari aliyewapokea alikuwa kijana lakini hakupoteza wakati. Mara tu Nzisa alipomwambia ni nini, akaita wenzake, mtoto akatundikiwa maji, damu ikachukuliwa. Baadaye akatoka na kuwaambia kwamba ini limeumia. Limeumia, lakini halijaacha kazi. Mtoto mdogo ini lake hupambana, akasema, na jambo kubwa ni kwamba ameacha kula chakula kile. Wangojee mpaka asubuhi, ndipo atajua la kuwaambia.

Wakakaa kwenye benchi la nje. Kivuva alipigiwa simu, akasema yuko njiani kutoka Emali. Kulipopambazuka daktari aliwaita. Kalekye alikuwa amekojoa vizuri, na alikuwa ameomba chai, tena akataka yenye maziwa mengi. Damu ilionyesha kwamba hali haikuendelea kuwa mbaya. Angekaa hospitalini siku kadhaa, na ini lake lingehitaji kutazamwa muda mrefu, pengine miaka, lakini angeishi. Ndululu alifunika uso kwa leso akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauguzi wakageuka.

Waliporudi kwenye benchi, Ndululu akaanza kusema.

"Wenzangu walinicheka, unajua. Kalunde alisema umeniroga, umeniweka kwenye chupa. Mimi nilimkumbuka Mwau. Siku ile tulipomzika ulinishika mkono, ukasema utakuja kujua. Ulikuwa mtoto, lakini nilikuamini." Akapangusa pua. "Nikaona sasa wote wanamwaga ule mtama usiku na mchana, huyu mtoto wa watu atajuaje? Nikasema, acha shamba langu libaki. Moja tu. Na uliahidi kwamba yangu yakiwa mabaya utakuja uniambie."

Nzisa hakuweza kumtazama.

"Sasa umejua?" Ndululu akauliza.

"Nimejua."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi. Kuliko nilivyoota. Mashamba yote ni safi, hata waliopata kikombe kimoja. Na kama si shamba lako nisingejua kamwe. Wangeifunga hiyo kazi jana."

"Basi Mungu asifiwe," akasema Ndululu, na alikuwa anasema kweli, ilionekana usoni. Akashika mkono wa Nzisa kama zamani. Nzisa angeweza kuyaacha hapo. Angeweza kuubana ule mkono na kunyamaza, na hakuna mtu Makueni nzima ambaye angejua. Lakini alikuwa ametumia maisha yake kutafuta watu wazima wamwambie ukweli juu ya sufuria moja, na hawakumwambia.

"Ndululu, ngoja. Kuna kitu." Akauondoa mkono wake, maana hakuweza kusema ukiwa umeshikwa. "Namba yako ilikuwa mezani kwangu. Niliiona kitambo. Ilikuwa ndiyo pekee yenye sumu, na kwa sababu ilikuwa peke yake nikasema ni kosa. Nikasema mfuko ulinyeshewa. Nikaiweka kando, nikasema tutachukua mahindi mengine tukipata gari."

"Hukujua ni mimi."

"Sikujua. Lakini nilijua ni mtu."

Ndululu alitazama mlango wa wodi. "Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Muuguzi alipita na ndoo. Kuku mmoja, sijui wa nani, alikuwa akidonoa chini ya benchi. Ndululu alikaa na mikono yake mapajani, na Nzisa akaona vidole vinasogea, kimoja baada ya kingine, kisha vikaacha, kana kwamba hesabu imemshinda.

"Nimepika mara nyingi tangu Pasaka," akasema.

Nzisa alianza kulia. Alisema pole, akasema tena. Alisema angeandika kila kitu kama kilivyokuwa, vikombe vya mwethya na ile namba kwenye kabati, Profesa atake asitake. Alisema jioni hiyohiyo angemletea magunia ya mahindi yaliyopimwa, na mtama wa buluu angeletewa yeye kabla ya mtu yeyote, na angekuja kuumwaga kwa mikono yake mwenyewe. Alisema mengi, kama watu wanavyosema.

Ndululu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hivyo, hamkatizi mtu. Halafu akainuka, akaikung'uta leso na kujifunga upya kiunoni, maana ndani mtoto alikuwa ameanza kumwita.

"Mahindi nitapokea," akasema. "Na mtama nitapokea. Lakini ahadi, Nzisa, usiniombe tena."